Hodi ya Redioni

…tena uongo mtupu, aliwaza Ndinda, mwanamume gani huyo wa kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, mwanamume akirudi kwake hukohoa uani, huuliza kama kuku wamefungiwa, akaingia, basi, lakini huyu wa mchezo wa redioni amesimama mlangoni kama mtu wa kukusanya kodi, hodi, hodi, mke wangu, na mvua inamnyeshea, mvua gani, yale ni maharagwe yanazungushwa kwenye ungo, yeye amepepeta maharagwe tangu utotoni, nani atamdanganya… Maniben mwenye duka alikuwa ameganda nyuma ya kaunta, kibuyu cha kuchotea sukari kikining'inia mkononi juu ya mizani, macho kwenye ile redio ya betri, na Ndinda alitaka kumwambia, nipimie sukari yangu niende, nina mgeni nyumbani, ila mgeni gani, Makau ni mgeni tangu lini, ndiye aliyeijenga nyumba yenyewe, lakini si ndivyo alivyouliza Mbula leo mchana, Mama, mgeni atakunywa chai, mtoto hamjui baba yake, baba alimwacha akibebwa mgongoni na sasa anateka maji mwenyewe mtoni, na baba ameketi pale nje kwenye kigoda, kofia magotini, akimtazama mwanawe kama mtu anayetazama picha ukutani kwa watu…

"Ngoja kidogo, Mama Mbula," Maniben akasema bila kugeuka. "Mimi nataka sikia kama hii bibi tafungua."

…afungue kwa nini, afungue upesi hivyo kwa nini, hiyo ndiyo michezo yao, mwanamke ameachwa miaka na miaka, halafu atalia kidogo, ataanguka, atainuka, atasema nimekusamehe ewe mume wangu Rashidi, na kinanda kitapigwa, kwanza mke gani huyo wa kumwita mumewe kwa jina mbele ya watu, hata Baba Fulani hakuna, yaani aliyeandika haya hajaoa, au ameoa na hasikilizi, hasira ya mwanamke haiyeyuki kama chumvi kwenye mchuzi, yeye Ndinda anaijua, ameilea pamoja na Mbula, chumba kimoja, blanketi moja, wakati watu wa hapa Majengo wakimwambia Makau amekamatwa, mara Makau ameoa Mombasa, mara Makau amekufa, kumbe Makau hakufa wala nini, Makau yuko Ruiru, ameyasema mwenyewe leo, niko Ruiru kwenye shamba la kahawa tangu mvua za masika, Ruiru, Ngai, Mungu wangu, mahali ambapo mtu akitoka na jua la asubuhi kwa miguu anafika kabla halijachwa, tangu masika, na hakuja…

Barazani, Urbanus fundi wa baiskeli alikuwa ameacha gurudumu lizunguke lenyewe. "Sasa huyo Rashidi ametoka stesheni usiku na hakuulizwa pasi na askari yeyote?" akapaza sauti. "Amepita chini ya ardhi kama fuko?"

…watu wakacheka, na Ndinda naye akacheka, kicheko kikamtoka kabla hajakipa ruhusa, kweli kabisa, siku hizi hata ukienda kuzika unaulizwa pasi ya kutembea, mchezo huu umejaa matundu kama chujio, jogoo wake ni mtu mzima anayejikaza koo, mlango wake unalia kriii kama milango yote ya redioni, milango ya kweli hailii hivyo, mlango wake yeye haulii kabisa, umetengenezwa kwa mbao za masanduku ya mananasi, Makau aliupigilia misumari mwenyewe, akakosea bawaba ya juu, ukawa mzito, usipouinua kidogo kwanza haufunguki, wageni wote wanausukuma bure mpaka wanapiga kelele, mwenye nyumba anainua, anasukuma, anaingia… na leo… leo alikuwa ameinama akichagua mchele, akaona mlango unainuka, kidogo tu, mwanga ukaingia chini yake, akadhani ni Mbula… kisha ukashuka tena, polepole, ukarudi mahali pake, kimya, halafu sauti, hodi… aliinua, Makau aliinua, mkono wake haukusahau, angeweza kuingia kama mwenye nyumba na akajizuia, akaushusha, akasimama nje akaomba, na yeye Ndinda akafungua, akasema kaa hapo, akamkata baada ya la Ruiru, alipoanza tena Mama Mbula mimi, akachukua kikapu akaja dukani kununua sukari ya mgeni, akidhani amesikia hodi ya mtu aliyesahau kwake…

"Hodi," ikasema tena redio, na maharagwe yakamwagika kwenye ungo kwa nguvu.

…basi huyo mwandishi, pamoja na jogoo wake na ewe mume wangu wake, hili moja amelijua, sijui nani alimwambia, wako wanaume wanaobisha hodi kwao wenyewe, wanabisha kwa sababu wana aibu, na aibu si kitu kibaya kuanzia, hasira yangu bado ninayo, ataisikia yote, atajibu ya Mombasa na ya Ruiru moja moja, hata ikichukua mwaka, lakini ataijibu akiwa ndani… na Ndinda akahisi kifua kinampanuka, akaona anatabasamu mbele ya mizani tupu, sukari yake bado imening'inia mkononi mwa Maniben, gurudumu la Urbanus bado linazunguka, na yule mwanamke wa redioni bado amenyamaza nyuma ya mlango wake.

"Sema, mama, sema kitu," Maniben akanong'ona.

…hajui la kusema, maskini, hawakumwandikia, na si maneno mengi, asimwambie karibu, karibu ni ya wageni, amwambie tu, Baba Mbula, mlango ni uleule, uinue kama zamani.