Kiazi cha Nyumba ya Uate

Kitendawili! Mgeni wangu hapigi hodi. Anashinda shambani kwangu kutwa nzima akila majani, na akiondoka chakula kimezidi. Nani huyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Neiafu? Haya, nimekwenda Neiafu, nimekula nguruwe wa kuchoma mpaka nikalegeza mkanda, nimerudi. Mgeni ni jua.

Kaka yangu Uate hakuwahi kumkaribisha mgeni huyo. Viazi vikuu vyake vilitoka vyembamba kama mkono wa mtoto, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu alipanda pale pale alipopanda marehemu baba yetu. Baba alipanda pale wakati mishelisheli ilikuwa bado inamfika kiunoni. Siku hizi ukisimama chini yake mchana unaweza kudhani mvua inakuja. Lakini nani angehamisha shamba la baba? Tulikuwa tunamheshimu marehemu huku tunakula vijiazi.

Mwaka jana Uate alianguka kutoka kwenye mshelisheli mmojawapo, akavunjika nyonga. Wanawe wa kiume wote wako ng'ambo, Auckland. Na kwetu visiwani, siku ya malimbuko, kila nyumba hupeleka kiazi chake kwa chifu, na msemaji wa chifu huiita nyumba ile mbele ya kijiji kizima. Nyumba isiyo na kiazi inarukwa.

"Safari hii tutarukwa," Uate akasema, akageukia ukuta.

"Nitalima mimi, baba," akasema binti yake, Kalolaine.

"Wewe suka mkeka. Mwanamke gani umemwona anachimba mashimo ya viazi?"

Kalolaine hakubishana. Alichukua vijiti, akashinda siku tatu akichomeka kila kivuli kilipoishia: asubuhi, adhuhuri, alasiri. Siku ya nne alinishika mkono akanipeleka juu kwenye kilima kitupu nyuma ya kanisa.

"Shangazi, hapa hakuna hata kijiti kimoja. Jua linakaa hapa kutwa. Lakini baba hatakubali nihame."

Niliteremka moja kwa moja hadi kwa Uate. Kwetu dada akisema, kaka hunyamaza, hata kama kaka ana mvi. Nikamwambia mlangoni, "Shamba linahama. Nimesema mimi."

"Ndiyo, dada," akajibu. Lakini alikasirika, mjue. Akaapa hatakanyaga kilima kile, na hakukikanyaga.

Jirani yetu Moala alipita siku ya kupanda, akaegemea jembe lake akicheka. "Kalolaine! Unapanda viazi au unavikaanga?"

"Njoo na chumvi," Kalolaine akamjibu, wala hakuinua kichwa.

Alichimba mashimo ya kumfika kiunoni, kisha akarudisha udongo mlemle, laini kama unga, ili kiazi kisikutane na jiwe kikajikunja. Akaacha nafasi pana kati ya shimo na shimo, jani lisimzibie mwenzake jua. Juu akatandaza makuti makavu na majani ya migomba, maana mtambaa wa kiazi unapenda jua kichwani lakini miguu yake inataka baridi. Kiangazi kilipokaza alibeba maji jioni, ndoo kwa ndoo. Makuti yakioza, anaongeza. Mitambaa ikishuka chini, anairudisha kwenye matete aliyoyasimika. Januari ilipofika kilima chote kilikuwa kijani, na mimi nikawa napita nyuma ya kanisa hata siku ambazo sina haja na kanisa.

Siku ya malimbuko wanaume wawili walikibeba kiazi chetu kwenye mti begani, na mti ukapinda. Kilikuwa cha kumfika Kalolaine kiunoni, kinene, kimenyooka, ngozi safi. Watu waliinuka kukiona. Moala alikitazama, akakitazama kile chake, akasogea pembeni.

Uate alikuwa ameletwa kwenye kiti, fimbo mkononi. Ndiyo mara yake ya kwanza kukiona.

Msemaji wa chifu akapaza sauti: "Nyumba ya Uate! Nani amelima kiazi hiki?"

Kwa desturi mwenye nyumba hutaja jina lake mwenyewe, mambo yakaisha. Uate akakitazama tu kiazi. Kalolaine alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, udongo bado umo kwenye kucha.

"Labda kimejilima chenyewe!" Moala akapiga kelele, na watu wakacheka.

Jina la Kalolaine lilinijaa mdomoni. Ningelitaja, na hakuna ambaye angenizuia. Lakini mtoto yule hakuchimba mashimo arobaini ili alisikie kwangu. Nikamwachia baba yake.

"Uate," msemaji akarudia, "nani amelima?"

Kaka yangu akaikita fimbo chini. Akainuka, nyonga ile ile, uso umemkunjamana kwa maumivu, akasimama mpaka akanyooka. Kisha akasema kwa sauti ya kufika hadi kwenye mashua gatini:

"Binti yangu. Kalolaine."