Lenzi Isiyoona Karibu

Nafumba macho kidogo tu, nasema nayapumzisha, kwa sababu ndege hondohondo dume bado hajarudi na tunda kwa mkewe aliyejifungia ndani ya shimo la mti, na gari limezimwa, nami niko kiti cha nyuma na kamera mapajani, lenzi yake ndefu kama mchi. Mara gari linaondoka. Sijasikia injini ikiwaka. Aliye kwenye usukani si dereva wa kambi aliyenileta. Huyu ana mabega mapana, na kwenye kioo cha juu, pale ambapo uso wake ungeonekana, pako laini tu kama ganda la yai. Siogopi. Namwuliza tunakwenda wapi. Kule unakotazama siku zote, Mama Nakiete, ananijibu, na hiyo ni sauti ya mume wangu Baba Nakiete, Mzirai wangu, aliyenizungusha kwenye mbuga na misitu yote mpaka homa ilipomchukua masika yaliyopita. Nina picha ya nyani akipiga chafya. Nina picha ya chui akimwosha mwanawe masikio. Ya Mzirai sina. Mimi si mnyama, alikuwa akisema, na katika zote nilizopekua kimeingia kiwiko chake tu, au kisogo. Ile ya kitambulisho Nakiete haitaki kuitundika, anasema huyo si baba, ni mtu aliyekamatwa. Nami, Mungu anisamehe, uso wake umeanza kunitoka. Namkumbuka kwa sikio, si kwa jicho.

Njia inajikunja msituni, inapita mti uleule, inatoka, inaurudia. Geuka nikuone, namwambia. Anacheka kile kicheko chake cha puani. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu kwa mazoea, ndivyo tulivyokuwa tukizipoteza saa za kusubiri wanyama. Jicho langu laona nzi mlimani, aliye mezani halimwoni. Nafikiri. Mwewe? Siye. Uzee? Sio, ingawa nao unakujia. Basi nipe mji. Nampa Same, kwetu, kama ada inavyotaka, na papo hapo Same inatokea ndani ya maji ya bwawa kando ya njia, imepinduka, mabati chini na milango juu, na barabarani wanatembea wote niliowahi kuwapiga picha. Tandala wamepanga foleni benki, mbega wanauza nyanya, korongo kasimama kwa mguu mmoja akisubiri basi. Kila mmoja ananigeukia na kujiweka vizuri. Siwataki. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu siwataki.

Nimekwenda Same, anasema Mzirai, nimekula nimeshiba, watu wake wakarimu. Sasa jibu ni hilo lililo mapajani pako. Na anaanza kugeuka. Nanyanyua kamera: ukungu mtupu. Lenzi hii huhesabu manyoya ya ndege aliye ng'ambo ya bonde, lakini aliye karibu haimshiki. Nashuka, narudi nyuma. Bado. Narudi tena, na njia inazidi kurefuka kwa ukaidi wake, na anaposhikika hatimaye amekwisha kutazama mbele. Nimepata kisogo kingine. Mama Nakiete, anaita, utarudi nyuma mpaka wapi? Naitupa kamera bwawani, twiga wanaruka pembeni, nakimbia, napanda kiti cha mbele, nisichowahi kukikalia kwa sababu dirisha la nyuma ni pana zaidi. Namtazama. Kovu juu ya nyusi. Jino lililompanda mwenzake. Macho yanayocheka kabla ya mdomo. Sina pa kuuhifadhi uso huu, nautazama tu, nalia, naye ananifuta kwa leso inayonuka dizeli.

Naamka. Hondohondo analia juu ya mti, na mimi nimeketi kiti cha mbele. Kwenye usukani mtu ametazama dirishani, kisogo kwangu. Umelala, mama, ananong'ona ili asimfukuze ndege, na mnong'ono hauna mwenyewe. Nikimgusa atageuka, nami nitajua niko upande upi wa usingizi. Mkono uko njiani. Naurudisha. Kwanza naurudia uso, kovu, jino, macho, tena na tena kama mtoto anayekariri, mpaka nina hakika nitaweza kumsimulia Nakiete, hata kama huyu ni dereva wa kambi. Kisha namgusa bega.