Somo wa Ijumaa

Shangazi yake Nilza, Bi Rozalia wa Rahaleo, hakuielewa kazi ile hata baada ya miaka minne. "Watu wanakuja, wanalia, wewe unawatazama, halafu mwisho wa mwezi unalipwa?" aliuliza huku akimenya mihogo. "Kwani hao hawana mashangazi?" Nilza alicheka tu. Angemwambia nini? Ushauri nasaha si kazi ya kuonyesha jirani. Mwashi ana ukuta wake, fundi cherehani ana gauni; mshauri ana mtu ambaye jana alikula akashiba, basi.

Lakini aliipenda, na mwaka huu alikuwa na tamaa moja. Shirika lake lilikuwa linafungua ofisi Kitaya, kando ya Ruvuma, kwa ajili ya watu walioumizwa na vurugu za mpakani, na lilitafuta mshauri wa kuiongoza. Nani mwingine kama si yeye? Alizaliwa ng'ambo ya mto, Kimakonde alikinyonya ziwani, na Kireno cha sokoni alikuwa nacho. Wenzake wenye digrii za Dar walihitaji mkalimani hata kumuuliza bibi kizee ameamkaje.

Kila mshauri pale alikuwa na msimamizi wake. Mara moja kwa wiki alikaa naye, akamweleza kesi zake na namna zilivyomgusa mwenyewe, maana anayebeba ya watu naye anahitaji pa kutua. Msimamizi wa Nilza alikuwa Shamimu, mwanamke wa Ufukoni, mpole wa sauti, mwenye ushungi usiojikunja hata kwenye joto la Desemba. Ijumaa ya kwanza kabisa alimshika mkono akamwambia, "Hapa ndani mimi si bosi. Nihesabu somo yako."

Kwa Nilza neno hilo halikuwa la mzaha. Msichana aliyechezwa unyago anajua somo ni nani: ni mwanamke aliyesimama naye ndani, aliyemwona akilia na kuogopa, na ambaye ya mle ndani hayatoi nje hata wakigombana baadaye, hata kwa mumewe. Msimamizi angeweza kuulizwa na wakubwa. Somo haulizwi. Basi Nilza akafungua moyo wote, asibakize kitu. Alimweleza walivyovuka mto wakikimbia, na mkono wa mdogo wake Celia ulivyomponyoka. Alimweleza kwamba mteja akianza kusimulia kukimbia, yeye hujifinya kiganja chini ya meza mpaka masikio yazibuke, kisha huendelea kusikiliza. Shamimu alilia naye siku ile. Kweli alilia, tusimsingizie.

Siku ya usaili majibu yalimtoka Nilza kama maji. Mezani walikuwa watatu, na Shamimu hakuwamo. Mwishoni mzee mmoja mwenye miwani alipekua karatasi zake, akamtazama viganja badala ya uso.

"Kitaya kila mtu atakusimulia kukimbia," alisema kwa upole. "Sasa binti yangu, utajifinya mara ngapi kwa siku?"

Mikono ya Nilza ilikuwa juu ya meza, imetulia, lakini aliivuta akaificha mapajani kama mtu aliyekamatwa na cha wizi. Jambo lile alilisema kwa mtu mmoja tu duniani. Hata shangazi yake hakulijua.

Nafasi alipewa Lukasi, mmoja wa wale wenzake wenye digrii za Dar, ambaye Ruvuma alikuwa ameuona kwenye ramani tu.

Nilza alimfuata Shamimu ofisini kwake, hakungoja hata kukaribishwa. "Somo, uliwaambia?"

"Sikuwaambia, niliandika," alisema Shamimu. "Tathmini ya mwaka ni lazima, Nilza. Fomu inauliza hali ya mshauri mwenyewe. Ningeacha patupu?"

"Ungeniambia kwamba unaandika."

"Ungenieleza yale yote?"

"Nisingekueleza hata moja!"

Shamimu akainamisha kichwa upande kidogo, kama wanavyofundishwa, akashusha sauti. "Nakusikia. Una maumivu makali. Ungependa tuyazungumzie?"

Hapo ndipo Nilza alipokasirika hasa. Kuuzwa alishauzwa; sasa alikuwa anatibiwa na aliyemuuza, tena kwa maneno yaleyale ambayo yeye mwenyewe huwapa wajane. Alitamani kupiga kelele. Badala yake akasema, "Hapana, madamu," akatoka.

Kuacha zile Ijumaa hakuweza. Pale, asiyetimiza saa za msimamizi haongezewi mkataba. Wiki iliyofuata akaenda, akakaa kwenye kiti chake, akaweka mkoba magotini.

"Wiki imekwendaje?"

"Salama, madamu."

"Hadithi za wateja hazikukutikisa?"

"Hazikunitikisa."

"Na Celia? Unamlilia bado?"

"Nilishapoa," alisema Nilza. Asubuhi ile alikuwa amefungua bomba la bafuni kwa nguvu ili shangazi asimsikie.

Uso wa Shamimu ukang'aa kwa furaha ya kweli. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akaigeuza fomu ili Nilza asome: mshauri amepiga hatua kubwa, moyo wake umetulia, mwakani anafaa kabisa kupewa uongozi.

Nilza akaomba kalamu, akasaini.