Mbeba Msiba

Katika mtaa ule, mtu akifa, ndugu zake hawaambiwi kwa simu. Simu ni ya kuulizana bei ya nyanya. Habari ya kifo huletwa na mtu, kwa miguu, naye huingia ndani, humkalisha mwenye msiba kitini, kisha husema neno lenyewe bila kulizungusha. Si "amezidiwa", si "hali yake si nzuri". Amekufa. Na mtu wa kazi hiyo ni mmoja tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi viatu wa pale kona, aliyeirithi kazi hiyo kwa baba yake pamoja na nyundo na sindano ya kushonea soli. Nyundo alifurahi kuipata.

Mbele yake watu walimwita Fundi. Kisogoni walimwita Bundi, na yeye alijua.

Ubaya wa kazi ile haukuwa kutembea. Ubaya ni kwamba hakuwa na pa kwenda. Akipita uchochoroni kununua sukari, wanawake waliokuwa wakichambua mboga hunyamaza mpaka avuke milango yao, ndipo hushusha pumzi. Siku moja alibisha kwa kinyozi kurudisha mkasi, mke wa kinyozi akaanza kumlilia mama yake mzazi, ambaye muda huo alikuwa chooni, mzima wa afya. Watu walicheka mwezi mzima. Fundi hakucheka. Tangu hapo hampelekei mtu kiatu. Mwenye kiatu hukifuata mwenyewe.

Yote hayo aliyameza. Lililomkwama kooni ni la mjukuu.

Binti yake wa pekee alijifungua mtoto wa kike akiwa kwa mumewe, nyumba ya tisa kutoka kibanda cha Fundi. Babu akavaa shati safi, akaenda. Mama mkwe wa binti, mshona nguo, alimwona dirishani akija, akadondosha beseni na kupiga yowe lililokusanya mtaa. Mpaka anaeleweshwa kwamba ni babu tu, amekuja kumwona mtoto, alikuwa ameshakunywa bilauri tatu za maji na mapigo ya moyo hayajatulia. Akamwomba kwa adabu: mkwe, mimi roho yangu ndogo, usiwe unanijia hivi. Binti alimsindikiza hadi njiani akasema hakuna aliyemfukuza, ila afadhali awe anatuma mtu. Sasa mtoto ana miezi minne. Babu amemwona mara tatu, kwa mbali, mgongoni mwa mama yake, na mara zote tatu ameona kisogo.

Ndipo akaacha kazi. Jumapili, kwenye kikao cha mtaa, alisimama akasema miguu imechoka, watafute mwingine. Mjumbe wa mtaa, mtu mnene mwenye sauti laini, alimbembeleza. Alisema huu ndio utamaduni wetu, ndio unaotutofautisha na watu wanaookotana njiani kama kuni, na yeye Fundi ndiye nguzo yake.

"Utamaduni ni wa wote," Fundi akasema. "Mbona miguu ni yangu peke yangu?"

Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea kazi. Lakini watu walipotawanyika, mshona nguo alimfuata. Alimtazama kama anayekagua pindo, akamuuliza ameacha kweli au amekasirika tu. Fundi akasema ameacha.

"Basi njoo umwone mtoto, mkwe. Njoo siku yoyote."

Wakakubaliana Jumatano.

Jumatano Fundi hakushika kiatu hata kimoja. Alinyoa. Alijisugua vidole kwa mafuta ya taa kutoa gundi, kisha kwa sabuni kutoa mafuta ya taa. Adhuhuri alikuwa anafunga kibanda alipowaona Mjumbe na kinyozi wanakuja pamoja, hawaongei. Mtu aliyefanya kazi ile miaka ishirini na miwili hahitaji kuambiwa. Alichohitaji kuambiwa ni nani.

Alikuwa mdogo wa kiume wa mshona nguo, fundi umeme. Ameteleza nguzoni asubuhi, akafa kabla hawajamfikisha hospitali. Mtaa mzima umeshajua, isipokuwa dada mtu.

"Mimi simo," Fundi akasema. "Nilisema Jumapili."

Mjumbe hakubisha. Alisema wamejaribu wenyewe. Jirani wa ukuta mmoja alitumwa kwanza. Aliingia, akaomba chumvi, akatoka na chumvi. Kisha akatumwa kinyozi. Huyo alikaribishwa vizuri, akazungumza habari za mpira nusu saa, akatoka amepimwa suruali.

"Ilinishinda," kinyozi akasema. "Nimefungua mdomo, nikasema kiuno thelathini na sita."

"Mpigieni simu."

Mjumbe akamtazama kama mtu aliyetema mate kwenye chungu cha watu. Kinyozi akasema polepole, "Anashona huku anaimba, Fundi. Na watu wamejaa nje wanamsikiliza."

Fundi alikaa kwenye kigoda chake. Alijua hesabu ilivyo. Akienda, mlango ule hautafunguka tena. Itakuwa ni nyumba aliyoiingizia msiba kwa mkono wake, siku ileile aliyoalikwa. Asipoenda, mama yule ataimba mpaka maiti iteremshwe mlangoni. Alifikiri kusema anaumwa. Alifikiri kupanda basi. Kwa saa nzima wale wawili walisimama juani wakimngoja, na huo ndio ulikuwa ukatili wao: hawakumlazimisha.

"Nikienda leo, sirudi tena pale," alisema.

Fundi akaondoka.

Njia nzima watu walikuwa milangoni. Siku nyingine wangemkwepa kwa macho. Leo walimtazama, wakampisha. Cherehani ilisikika toka mbali. Alipotokea, mshona nguo aliinua kichwa, na Fundi akajiandaa kwa yowe.

Mama akacheka.

"Mkwe! Kumbe mtu wa ahadi. Na umenyoa!"

Hakuwa na hofu. Kwa nini awe nayo? Mtu ameacha kazi. Akamvuta ndani, akasema binti yuko sokoni, na kabla Fundi hajamwambia aketi, aliingia chumbani akatoka na mtoto, akamweka mikononi mwake.

Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Kichwa kilikuwa cha moto na kinanuka maziwa. Mtoto akamkazia macho, akakunja uso, akaghairi kulia.

"Mwangalie pua," mama alisema, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Hiyo si yako, usijisifu. Hiyo ni ya mdogo wangu. Jumamosi akija nitamtania mpaka akome."

Fundi alijipa dakika moja. Akaitumia yote.

"Mkwe," alisema, "kaa kitini."

Mama aliendelea kutabasamu kidogo, kama gurudumu la cherehani linalozunguka mguu ukishaondoka. Kisha akakaa. Hakuuliza nani. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto kwanza."

Fundi akampa. Ndipo akalisema neno.

Waliokuwa nje walimwagika ndani wakilia, wanawake mbele, wakamsukuma hadi ukutani kisha hadi mlangoni, si kwa ubaya. Kazi yake ilikuwa imekwisha na chumba ni kidogo. Kizingitini Mjumbe alimgusa bega.

"Tulijua hutatuangusha," alisema, akaingia kuomboleza na wenzake.

Fundi alibaki uani, mikono bado ameikunja kama aliyebeba kitu. Kupitia mlangoni aliweza kumwona mjukuu wake akipokezwa kutoka kwa jirani wa chumvi hadi kwa mke wa kinyozi, mkono kwa mkono, akienda mbali zaidi ndani.