Mwanamke wa Kasungami

Mwaka ule wa uporaji, maduka ya katikati ya Lubumbashi yalipobaki kuta tupu na treni zikalala stesheni, Constance alianza kumshuku mumewe. André, fundi wa reli, alikuwa amehamia kulala sebuleni. Suruali zake alizifua mwenyewe, kwa kujificha. Na kila Alhamisi alivaa shati safi akashika njia ya mtaa wa Kasungami.

Jirani alimnong'oneza kwamba huko anaishi mwanamke, Brigitte, hana mume.

Constance alimfuata. Aliingia bila hodi, akamkuta André amelala kifudifudi, suruali magotini, na mwanamke mrembo mwenye glavu amemwinamia.

"Weye njo nani kwa bwana yangu?"

"Miye njo munganga, mama. Hospitali yetu bantu balivunja. Ninapokea bagonjwa hapa."

André aliufukia uso kwenye mto wa kulalia. Kwa miezi alikuwa akitokwa damu chooni. Alipewa dawa ya bawasiri, haikusaidia kitu. Brigitte ndiye aliyepapasa ndani ya njia ya haja kubwa akakuta kivimbe cheusi kama makaa, akakata kipande. Kipande kilivushwa mpakani hadi maabara ya Kitwe, nchi jirani, na jibu lilikuwa limerudi: melanoma, saratani inayozoeleka kwenye ngozi, nadra mno kuota mahali pale.

"Nilisikia haya kukwambia, Constance," André alisema.

"Ule mwanamuke aliona. Miye bibi yako ukanificha."

Brigitte alieleza kwamba angekikata kivimbe pamoja na nyama inayokizunguka. Kufunga njia yote na kumwekea mfuko wa choo tumboni kungemtesa tu, bila kumwongezea maisha.

Alimpasua katika zahanati ya masista. Constance alingoja nje, akiionea wivu ile mikono ya Brigitte. Brigitte alipokuja nyumbani kusafisha kidonda, Constance alimzuia mlangoni.

"Unionyeshe, kisha uende."

Alionyeshwa. Tangu siku ile alimwosha mumewe mwenyewe. Lakini Brigitte alipopita kumjulia hali, André alicheka naye kicheko ambacho Constance hakukisikia tena chumbani, na moyo ukamuuma upya.

Mwaka uliofuata tezi za kinenani zilivimba, kisha ini. Dawa hazikuwepo. André alifariki mvua zilipoanza.

Kilioni Brigitte alilia kwa sauti, kuwashinda ndugu wa marehemu. Constance aliagiza Brigitte atandikiwe mkeka miongoni mwa wafiwa, ila si karibu na wake.