Miche ya Kupimwa kwa Futi

Kwa miaka kumi na miwili mama mkwe hakuwahi kumwita fundi cherehani mkwe. Alimwita "huyo fundi wako", na maneno aliyapitisha kwa binti yake hata fundi akiwa amekaa mbele yake anamkaribisha chai. Kosa la fundi lilikuwa moja, na hakulitenda yeye: alikuwa mfupi. Siku ya posa mama mkwe alichungulia nyuma yake, akauliza mposaji mwenyewe yuko wapi.

Mwaka huu panya walimlia mama mkwe mbegu zote za nyanya. Fundi akaona Mungu si Athumani.

"Mwambie mama miche itatoka kwangu," alimwambia mkewe. "Safari hii ataniita mkwe kwa mdomo wake."

Alisia mbegu kwenye makopo ya siagi aliyoyatoboa chini. Machache yalienea dirishani. Mengine akayapanga kwenye rafu ya ndani dukani kwake, juu ya marobota ya vitambaa, kusikofika jua. Miche ya rafuni ikapanda mbio, mirefu na myembamba. Ya dirishani ilikaa chini, minene, haina habari na mtu.

Siku ya kuchagua, fundi alivua futi shingoni akapima mche mmoja mmoja, kama mabinti wa kushonewa sare.

"Usiofika sentimita kumi na mbili, nje!"

"Lakini mume wangu, hii mifupi mbona ndiyo yenye afya?"

"Mama yako umemjua leo?"

Mke akacheka, akayatoa makopo ya mifupi akayapanga kwenye ngazi za mlangoni, juani. Ile mirefu ilikuwa inapepesuka, kwa hiyo fundi akaifunga kwenye njiti za ufagio kwa uzi wa kijani, ili mafundo yasionekane. Kazi safi, hilo hakuna wa kumnyima.

Jumamosi asubuhi mama mkwe akaja na kapu. Akaukagua mche wa kwanza, akauona uzi, akaukata kwa kucha. Mche ukalala. Akakata uzi wa mche wa pili, nao ukalala.

"Mwambie huyo fundi wako, hii imelelewa gizani. Imekimbilia mwanga ikasahau kunenepa. Kanishonea wagonjwa."

Maji yakamfika fundi shingoni, na kwake si mbali.

Mama mkwe akageuka aondoke. Mlangoni nusura ajikwae kwenye makopo. Akachutama, akausukuma mche kwa kidole. Ukayumba, ukarudi ukasimama. Akafunua majani, akaminya shina taratibu.

"Na hii nani kaitupa nje?"

"Huyo fundi wangu," mke akajibu.

Mama mkwe akamtazama fundi toka utosini hadi kwenye kandambili, safari isiyomchukua muda. Fundi aliona haya, kisha uchungu ukamshika, maana miaka kumi na miwili si mchezo.

"Niliitupa mimi, mama," alisema, naye akachutama kando ya makopo. "Niliogopa utachungulia nyuma yake, uulize miche yenyewe iko wapi."

Mke akashika mlango. Mama mkwe alibaki amechutama pale kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza macho yake na ya fundi yalikuwa usawa mmoja.

"Mkwe," alisema, "nipakilie yote. Usibakishe hata mmoja."

Fundi alilibeba kapu mwenyewe hadi bustanini kwa mama mkwe, futi shingoni, duka ameliacha wazi.