Pole Haifungui Mlango

Tangu kiharusi kimwangushe, baba yangu amebakiwa na neno moja: pole. Akitaka maji, pole. Shuka likimteleza, pole. Nikimkata kucha vibaya, pole, na hapo angalau linaangukia mahali pake. Mtu aliyekuwa akigombana na vibarua mpaka mtaa wa pili unasikia, leo ana neno hilo tu, na analitumia kwa kila kitu kama mpishi mwenye kisu kimoja.

Mimi ni binti yake wa kwanza. Nina miaka arobaini na kitu, na hicho kitu nakijua mwenyewe. Ninaishi naye. Chumba changu kiko nyuma ya chake na hakina njia nyingine: kutoka napita miguuni pake, kuingia napita miguuni pake. Hata nikienda msalani lazima anione, na akiniona, pole.

Zamani chumba changu kilikuwa na mlango wa barabarani. Hapo ndipo nilipoweka cherehani yangu ya kwanza, mlango wazi, wateja wakiingia na vitambaa kwapani. Kulikuwa pia na fundi umeme mmoja aliyependa kuleta suruali isiyo na tatizo lolote, akitaka ipunguzwe. Ilipunguzwa mpaka ikakaribia kuwa kaptula. Mtaa ukaanza kusema, na baba hakuwa mtu wa kuvumilia maneno ya mtaa. Siku moja nilikwenda mjini kununua nyuzi, nikashinda huko. Niliporudi nikakuta cherehani imesukumwa pembeni, na palipokuwa na mlango pana ukuta, lipu yake bado mbichi. Baba alikuwa anaosha mwiko wake wa uashi.

"Mtoto wa kike hashoni barabarani," alisema.

Nami sikuuliza. Fundi umeme alipitapita nje kwa muda, kisha akapata kwingine kwa kupunguziwa suruali. Nasikia mwanawe mkubwa ameshaota ndevu.

Lazima nieleze kidogo kazi ya baba, maana nilikua nikimbebea timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia ukuta kama umenyooka. Alinifundisha kwamba mlango huzibwa kwa namna mbili. Kama mwenye nyumba hajaamua vizuri, unaweka mchanga mwingi na saruji kiduchu, na matofali unayapanga yasimame peke yake bila kushikana na ukuta wa zamani. Siku akiutaka mlango wake, ni nyundo kidogo tu. Lakini kama ni kuziba moja kwa moja, unachonga meno kwenye ukuta wa zamani ili tofali jipya ling'ate la zamani, na saruji huionei choyo. Baba alisifika kwa hiyo ya pili. Watu walimtania kwamba nyumba zake zitabomolewa na Mungu mwenyewe. Kwa hiyo sikuhitaji kuuliza wangu umezibwa vipi. Nilisukuma kabati la nguo likaufunika ukuta ule nisiuone, na likakaa hapo miaka yote.

Sasa, Jumatatu ya wiki hii, tajiri wa karakana ya sare za shule ninakoshona aliniita. Anafungua tawi mji mwingine na anataka nikalisimamie. Kuna chumba juu yake, chenye ngazi yake na ufunguo wake.

"Jibu nilipate Ijumaa," akasema. "Ukikataa nampa mwenzako, halafu usije ukanililia."

Nikamwita mdogo wangu. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kutoa hotuba. Alikuja Jumatano jioni, akakaa kwenye kiti pekee, akakohoa.

"Dada, mzazi ni mzazi. Na Baba ameshakuomba radhi."

"Lini?"

"Kila siku. Si anakwambia pole?"

Kitandani, baba akalisikia neno lake. "Pole," akasema.

"Umesikia mwenyewe? Mzee anajuta."

"Anataka mto," nikasema. Nikampandishia mto, akatulia.

"Una moyo mgumu, dada."

"Pole hata wewe nitakupa ukijikwaa kwenye jiwe ambalo sikuliweka mimi."

"Basi tuseme anasikitika."

"Kusikitika hata wewe unasikitika. Umesikitika miaka yote hii ukiwa kwako, na mkeo na wanao."

"Huoni anavyoficha uso? Hiyo ni haya."

"Anaficha uso kwa sababu ndiyo kwanza nimetoka kumwosha. Haya ni ya macho ya watu. Watu wakiondoka, nayo inaondoka."

"Basi ametubu."

"Atubu nini, na mkono wa kushika mwiko umekufa? Mwizi akivunjika miguu utasema ametubu kuruka kuta?"

Mheshimiwa alicheka bila kupenda. Kisha akaniuliza swali la maana, la kwanza maishani mwake. "Sasa hayo majuto unataka yaweje?"

Nilikuwa nimeyadai muda mrefu bila kuyapatia sura. "Anayejuta anatamani mkono wake urudi nyuma," nikasema mwishowe. "Hata kama haonwi na mtu. Hata kama hatasamehewa. Baba sijawahi kumwona akiugusa ukuta ule."

"Majuto ni mjukuu," akasema, maana methali haimpiti.

"Na wajukuu wa upande wangu aliwazibia nje."

Baba alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine. Mheshimiwa akasimama, akasema kwake hakuna nafasi, watoto wamejaa, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Alipoondoka nilikaa kitandani kwangu nikasikia baba akihema upande wa pili wa pazia. Nilimchukia, na nilijua kesho nitamwosha tena. Sikuona pa kupita katikati ya hayo mawili.

Alhamisi nilikwenda kazini nikiwa nimeshaamua kukataa. Mchana umeme ukakatika na tajiri akaturudisha nyumbani. Jirani anayemchungulia baba alikuwa ametoka. Kitanda cha baba kilikuwa kitupu.

Nilimkuta chumbani kwangu, sakafuni, amelalia ubavu. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye kabati na kuuingiza mkono wake mzima nyuma yake, hadi begani. Kukasikika kitu kikikwaruza.

"Baba, umeanguka?"

Hakusema pole. Kwa mara ya kwanza tangu augue hakusema kitu, akaendelea kukwaruza. Nilipojaribu kumvuta akanipiga teke kwa mguu uliobaki. Hasira zikanipanda. Nikalishika kabati, nikalikokota na nguo zake zote mpaka katikati ya chumba.

Alikuwa ameshika kijiko cha uji. Mbele yake kulikuwa na kishimo kwenye lipu, na mchanga ulikuwa unamwagika kama sukari kwenye mfuko uliotoboka. Nikaweka kidole, kikazama. Kisha nikainua macho. Ufa mwembamba ulishuka kutoka juu hadi sakafuni, umenyooka kama nimeuchora kwa chaki ya kushonea. Upande wa pili kulikuwa na mwenzake. Hapakuwa na jino hata moja.

Mchanga mwingi, saruji kiduchu. Alikuwa ameziba kwa muda.

Kwa nini, sijui. Labda alingoja niombe. Labda alingoja fundi umeme aje kubisha hodi kwa adabu. Labda aliziba asubuhi akiwa na hasira na kufikia jioni zikawa zimeisha, lakini kiburi kikabaki. Hawezi kuniambia tena. Ninachojua ni kwamba ukuta ule ungeanguka mwaka wowote, kwa bega la mwanamke yeyote mwenye hasira, na hasira nilikuwa nazo za kutosha. Ufa ulijitokeza nyuma ya kabati nililoliweka mwenyewe.

Uchungu naujua, nimelala nao miaka. Uchungu una mtu wa kumnyooshea kidole. Hiki kilichoniingia sasa nilikitafutia mtu, nikamkuta ni mimi, nimesimama na mkono juu ya kabati. Nilijuta. Nilitamani miaka irudi, na haikurudi, na baba yangu alikuwa sakafuni na kijiko chake akitamani hilo hilo.

Nyundo yake ilikuwa bado chini ya kitanda chake. Pigo la tatu tofali likaangukia nje. Mwanamke aliyekuwa akipita akaruka pembeni na ndoo yake.

"Kuna nini humo?" akauliza.

"Mlango," nikasema.

Nikampigia Mheshimiwa simu nikiwa bado natema vumbi. "Jumapili uje kwa Baba."

"Dada, tulishaongea. Kwangu hakuna nafasi."

"Huku ipo. Chumba changu kinabaki, na sasa kina mlango wa barabarani. Hamieni."

Akaanza hotuba. Nikakata simu.

Nikamkalisha baba, mgongo wake kwenye kitanda changu. Vumbi limemjaa nyusi, machozi yakichora njia mashavuni.

"Pole," akasema.

Ukipewa pole, desturi ni kujibu kuwa umeshapoa. Sikuwahi kumjibu hata mara moja.

"Sijapoa, Baba," nikasema. "Kesho nampa tajiri jibu. Jumatatu nahama."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akanyoosha kijiko kuelekea chini, kwenye matofali yaliyobaki, yale ambayo ningelazimika kuyaruka. Hakuwahi kupenda kazi iachwe nusu. Nikainama, nikayapiga nayo.